Fahamu: Kwa nini Simba haikulipwa Chama alipokwenda Yanga?

Julai 2024, Yanga ilipomtambulisha Clatous Chama, mashabiki wa Simba waligawanyika. Wapo waliomwita msaliti. Wengine walisema ana miaka 33, aende zake. Lawama nyingi ziliwaangukia viongozi: kwa nini wamemwachia mtani bure?

Jibu liko kwenye mkataba. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine atakayoichezea mkataba wake ukiisha. Ukishaisha, klabu ya zamani haina cha kuuza. Ndiyo maana Simba ilipata fedha ilipomuuza Chama kwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 akiwa bado na mkataba, lakini safari hii, mkataba ukiwa umeisha, haikupata kitu.

Linganisha na Feisal Salum, Fei Toto. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga kwa kuvunja mkataba ambao ulikuwa bado hai. Shirikisho la soka, TFF, likasema bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukadumu miezi, hadi Rais Samia alipowaomba Yanga wayamalize, na Juni 2023 Fei Toto akatua Azam.

Shabiki wa jukwaani huhesabu mabao na pasi, na hakosei sana. Asichokiona ni tarehe ya mwisho ya mkataba, mshahara anaoudai nyota, na nafasi chache za wachezaji wa kigeni ambazo klabu inaruhusiwa. Ukimbakiza Mzambia kama Chama, kuna mgeni mwingine atakayekosa nafasi. Hata hivyo, kiongozi anayesubiri mkataba wa nyota wake ufike ukingoni ndipo aanze mazungumzo, hizo lawama anazistahili.