Watoto wanaohamia ng'ambo: kwa nini ugonjwa wa sukari unawafuata wakifikia ujana?

Uvira, Fizi ao Bukavu, jamaa nyingi ziko na watoto waliopelekwa Marekani, Kanada ao Australia kutoka kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, inchini Tanzania, na Nakivale, Uganda. Picha zinapofika kwenye simu na mutoto anaonekana amenenepa, watu wanafurahi: huko wanakula vizuri. Lakini kwa waganga, uzito unaopanda haraka ni jambo la kufuatilia.

Israeli ni moja ya inchi zilizoonyesha hatari hiyo wazi. Mwaka wa 1984 na 1985, Wayahudi wa Etiopia karibu 8.000 waliokuwa wamekimbilia Sudani walipelekwa huko kwa ndege. Mwezi wa tano 1991, wengine zaidi ya 14.000 walisafirishwa kutoka Addis Abeba kwa muda usiofika siku mbili.

Wengi walitoka vijijini. Walilima, walitembea kwa miguu, walikula injera ya teff pamoja na dengu. Walipofika, ugonjwa wa sukari ulikuwa haba sana kati yao. Kisha miaka michache tu, waganga walianza kuuona, hata kwa vijana. Damu yao ilikuwa ileile. Maisha ndiyo yaligeuka: mukate mweupe, vinywaji vya sukari, basi pahali pa miguu.

Umri wa kuhama

Katika inchi hiyo, vijana wengi wanapimwa afya karibu na miaka 17, mbele ya kuingia jeshi. Hiyo inasaidia kulinganisha waliozaliwa pale, waliofika wakiwa wadogo na waliofika wakubwa. Kwa kawaida, kadiri mutoto anavyokaa miaka mingi katika inchi mpya, ndivyo uzito wake unavyokaribia ule wa wenyeji.

Mutoto aliyekosa chakula tumboni mwa mama ao katika miaka ya kwanza, kisha akanenepa haraka, yuko katika hatari zaidi ya sukari ya aina ya pili. Hapo insulini ipo, lakini mwili hauitii vizuri.

Aina ya kwanza ni tofauti: mwili wenyewe unaharibu sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini. Haitokani na kula sukari wala kunenepa. Nayo pia iliongezeka kati ya watoto wa jamaa zilizotoka Etiopia, na waganga wangali wanatafuta sababu.

Dalili za kuangalia

Kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, kuanza tena kukojoa kitandani, kukonda na uchovu. Mutoto akitapika na kupumua kwa nguvu, apelekwe hospitali saa ileile. Kusema ni malaria ao ulozi na kungojea kunaweza kumuua. Kipimo cha tone la damu kidoleni kinachukua dakika moja tu.

Kwa wazazi walio ng'ambo, kinga dhidi ya aina ya pili haiombi pesa nyingi: maji pahali pa soda, maharagi na mboga kama nyumbani, na angalau dakika 60 za muchezo kila siku.

Na jamaa iliyobaki Kongo ina kazi yake pia. Siku simu italia, kuliko kumsifu mutoto kwa kunenepa, imuulize: unacheza? Unakunywa nini?