Likizo ya baiskeli Kondoa: Kabla hujampakia mtoto kwenye keria, soma hapa

Shule zikifungwa mwezi Juni, wenye nafasi jijini Dodoma huwapeleka watoto Dar es Salaam kuona bahari. Waliobaki hushinda ndani na simu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba saa chache kaskazini mwa jiji kuna vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, vyenye misitu, vijiji vilivyotulia na njia za vumbi ambazo baiskeli inazimudu. Wageni walishang'amua siku nyingi. Msafara wa Tour d'Afrique, unaowatoa waendesha baiskeli Cairo hadi Cape Town tangu mwaka 2003, umewahi kuifanya Dodoma kituo chake. Wenyeji ndio bado tunaiona baiskeli kama chombo cha kubebea madumu ya maji na magunia ya mkaa.

Kwa upande wa afya, hoja ni fupi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kumfanya ahemee juu juu. Siku moja ya kupanda na kushuka vilima vya Kondoa inazidi hapo, na hakuna mtoto atakayelalamika kwamba analazimishwa mazoezi.

Juni inafaa kwa sababu mvua zinakuwa zimekwisha na joto la Oktoba halijafika. Asubuhi kuna baridi hasa, hivyo sweta zisisahauliwe.

Sasa njia. Barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa ikiwa lami mwaka 2018. Kwa mgonjwa anayewahishwa hospitali na mkulima wa alizeti, ni neema. Kwa mtoto mwenye baiskeli, si mahali pake. Mabasi na malori hupita kwa kasi, na mtoto wa chini ya miaka 10 kwa kawaida bado hajui kukadiria gari lililo mbali litamfikia baada ya muda gani. Pakieni baiskeli kwenye gari au juu ya basi, mshuke Kolo, kisha muingie barabara za vumbi za kuelekea Pahi na Haubi. Huko mtakutana zaidi na punda, bodaboda mojamoja na wanafunzi wenzao wakitoka kuchota maji.

Kolo penyewe pana sababu ya kulala siku moja zaidi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na eneo lake lina mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150. Kuna twiga, swala na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na michoro ya baadaye ya rangi nyeupe. Anzieni ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo mpate mwongozaji. Sehemu ya mwisho ni ya kupanda kwa miguu, baiskeli zinabaki chini. Watoto waelezwe mapema kwamba michoro haiguswi wala kumwagiwa maji ili ionekane vizuri, na kwamba baadhi ya miamba ile bado hutumiwa na wenyeji kwa matambiko.

Njiani, mzazi mwenye umri mkubwa kidogo atashangazwa na kitu kingine: miti. Vilima hivi viliwahi kuliwa na mmomonyoko hadi vikabaki makorongo mekundu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden, na mwaka 1979 mifugo yote, hadi punda, ikaamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Lilikuwa jambo gumu kwa familia zilizoishi kwa ng'ombe. Ardhi ilipopumzika, majani na miti vikarudi. Makorongo ya zamani bado yapo kando ya njia, na ni vizuri mtoto ashuke kwenye baiskeli na kuyatazama kabla hajayaona kama sehemu ya kuruka.

Turudi kwenye keria. Jeraha linalowapata sana watoto wanaopakiwa nyuma halitokani na kugongwa. Ni kisigino kuingia kwenye spoku. Gurudumu likizunguka, mguu hubanwa kati ya spoku na fremu, ngozi ya kisigino ikachanika na nyama ya ndani ikapondwa. Kwa nje huonekana mkwaruzo, mzazi akaosha na kufunga kitambaa. Baada ya siku chache ngozi hubadilika kuwa nyeusi na kufa, kwa kuwa damu haikuwa ikifika. Jeraha la namna hii lioshwe kwa maji safi mengi na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, aangaliwe kama kuna mfupa uliovunjika na kama anahitaji sindano ya pepopunda. Kinga yake ni rahisi: fundi afunge kizuizi cha plastiki au wavu pembeni ya gurudumu, paweko na pa kukanyagia, na mtoto avae viatu vilivyofunga. Ndala hapana. Asiyeweza kukaa akishika mwenyewe asipakiwe kabisa.

Kofia ngumu nayo ivaliwe ikiwa imelala sawa, upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Iliyosukumwa kisogoni kama kofia ya sherehe haisaidii paji la uso.

Maji yanywewe kabla ya kiu, kwa mafunda ya mara kwa mara. Vijijini msitegemee kuyapata kila mahali. Mkojo wa manjano iliyokolea ni ishara kwamba mtoto hanywi ya kutosha. Karanga, ndizi na ubuyu vinatosha kwa njiani, pamoja na pakiti kadhaa za ORS. Mwenye seli mundu anahitaji uangalizi zaidi, kwani uchovu, baridi ya asubuhi na upungufu wa maji vyote vinaweza kumwamshia maumivu makali. Daktari wake aulizwe kabla ya safari. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake, isiwe kwenye begi lililotangulia na gari.

Miiba ya migunga itatoboa tairi, hilo halina mjadala. Bebeni viraka, solusheni, pampu na tyubu ya akiba.

Usiku ni chandarua. Homa ikimpata mtoto wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe malaria bila kusubiri, na mhudumu aelezwe mlikokuwa.