Kuambukizwa kwa Kutazama: Kutoka Kashasha Hadi Skrini ya Simu

Januari 30, 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Walicheka, wakalia, wakatulia, kisha wakaanza upya. Hadi shule inafungwa Machi 18, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Baadhi yao hali iliwatoka baada ya saa chache, wengine iliwaganda hadi siku 16. Waliporudishwa makwao, kicheko kilikwenda nao: katika vijiji vya Nshamba peke yake watu 217 waliugua.

Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti ya tukio hilo mwaka 1963, walipima damu na kukagua vyakula. Hawakuona sumu wala kijidudu. Walichokiona ni kwamba kila mgonjwa alikuwa amekutana na mgonjwa mwingine kabla yake, na kwamba hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Leo wataalamu wanakubaliana kuwa hayo ni maradhi ya kuambukizana kwa kuonana. Mgonjwa hajifanyi, anaumwa kweli. Ila chanzo ni dhiki iliyomlemea moyoni, na dalili anaziokota kwa wenzake.

Zamani maradhi ya namna hii yalihitaji watu wawe pamoja: bweni moja, kiwanda kimoja, kijiji kimoja. Video za mtandaoni zimeliondoa sharti hilo.

Februari 2019, kijana mmoja wa Ujerumani mwenye ugonjwa wa Tourette alifungua chaneli ya YouTube kuonyesha maisha yake. Ugonjwa huo humfanya mtu atikisike au atoe sauti bila kukusudia. Chaneli ikapendwa mno. Haikupita muda, kliniki ya Profesa Kirsten Müller-Vahl mjini Hannover ikaanza kupokea vijana wa aina ambayo haikuizoea. Tourette kwa kawaida huanza utotoni, polepole, kwa kupepesa macho au kukunja uso, na huwapata zaidi wavulana. Hawa dalili ziliwazukia ghafla wakiwa wakubwa, na walipaza sauti kwa maneno yale yale ya kwenye chaneli: “papa wanaoruka”, “chipsi”, “wewe ni mbaya wa sura”. Wapo waliorusha kalamu darasani na kupasua mayai jikoni, kama walivyoona kwenye video. Walipoelezwa kwamba hawana Tourette, baadhi yao walipona haraka kabisa. Müller-Vahl na wenzake walichapisha taarifa hiyo mwaka 2021. Wakati wa UVIKO-19, madaktari wa London na Calgary nao walipokea vijana wenye mitikisiko ya ghafla, wengi wao wasichana.

Kwa nini vijana? Sehemu ya jibu imo kwenye ubongo. Mwaka 2016, watafiti wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, waliwaingiza vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha mithili ya zile za Instagram. Idadi ya laiki waliipanga watafiti wenyewe: picha ile ile kundi moja liliiona ina laiki nyingi, kundi jingine laiki chache. Yenye nyingi ndiyo iliyolaikiwa zaidi, hata kama inaonyesha ulevi au uvutaji sigara. Kijana alipoona picha yake mwenyewe imepata laiki nyingi, iliamka sehemu ya ubongo inayoamka pia mtu anapokula chokoleti au anaposhinda pesa. Na walipotazama picha za mambo ya hatari, sehemu zinazohusika na kujizuia zilipunguza kazi.

Tusikimbilie kuzipiga marufuku simu. Mamilioni walitazama chaneli ile ya Ujerumani na hawakuugua. Wengi wa walioonekana kliniki wakati wa UVIKO-19 walikuwa tayari na wasiwasi au sonona, na karantini ilikuwa imewafungia ndani mbali na marafiki. Video huipa dhiki umbo. Haiizalishi peke yake. Kisha programu inayochagua video humwongezea mtazamaji kile kile alichokikazia macho, hadi aamini kuwa dunia nzima iko hivyo.

Mzazi au mwalimu akiona kijana ameanza kutikisika ghafla, ampeleke hospitali kwanza, ili kifafa na maradhi mengine yachunguzwe. Asimkaripie, asimwite mwigizaji, wala asiwaite majirani waje kumshangaa, maana dalili hizi hunenepa kwa kutazamwa. Aketi naye faraghani amuulize mambo mawili: anatazama nini siku hizi, na nini kinamsumbua. Swali la pili ndilo zito, na lisiachwe hadi lijibiwe.