JUNI 30 HALMASHAURI INAFUNGA MWAKA: Karagwe na Kyerwa, ulizeni maboma!

Wewe mwaka wako unaufunga Desemba 31, kwa pilau, muziki mnene na ahadi ya kuacha pombe. Halmashauri haina habari na Desemba yako. Mwaka wake wa fedha unaisha Juni 30, kimyakimya, wakati watu wa Karagwe na Kyerwa akili yote iko kwenye kahawa. Ndiyo maana vijana wengi wa mjini, hata waliozaliwa Kayanga au Nkwenda, siku hiyo inawapita hivi hivi.

Baada ya hapo taarifa inasomwa kwenye Baraza la Madiwani, inatajwa asilimia ya fedha za maendeleo zilizotumika, na ikiwa kubwa kila mtu anatabasamu. Hapo ndipo penye mchezo! Fedha kutumika si sawa na kazi kuisha. Saruji ikishalipiwa, kwenye vitabu fedha imetumika. Kama mifuko imegandia stoo na chumba hakijaezekwa, vitabu havilii. Anayelia ni mtoto anayesoma akiwa amebanana na wenzake kama dagaa.

MSHIKO UNATOKA WAPI?

Halmashauri ina mifuko miwili. Mmoja ni ruzuku ya Serikali Kuu. Wa pili ni mapato ya ndani, na huku kwetu mapato hayo yananukia kahawa. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya shambani, badala ya asilimia 5 ya zamani.

Tupige hesabu za kijiweni. Tuseme kilo 100 zimeuzwa kwa shilingi 4,000 kila moja. Hiyo ni 400,000, na ushuru wake ni 12,000. Mwongozo wa TAMISEMI unazitaka halmashauri nyingi za wilaya zitenge angalau asilimia 40 ya mapato yao ya ndani kwa miradi ya maendeleo, ukiacha yale yaliyofungwa kwa kazi maalumu. Kwa kiwango hicho, katika ile 12,000, shilingi 4,800 zinapaswa kugeuka bati, tofali au kitanda cha kujifungulia.

Sasa gunia likivushwa usiku kwenda Uganda, ile 4,800 nayo imevuka mto Kagera. Mkulima anayevusha si mwehu. Anafuata bei na fedha mkononi. Hata yule anayeuza kwa butura, kahawa ikiwa bado maua mtini, ana karo na njaa inayomsukuma. Lakini na yeye ana haki ya kuuliza: nikiuza kihalali, hiyo bati iko wapi? Halmashauri isiyoweza kumwonyesha bati inamsaidia mlanguzi kufanya biashara.

BARABARA SI YA MKURUGENZI

Tuelewane hapa, maana wengine wanapiga kelele kwenye mlango usiohusika. Barabara za vijijini na mitaa ziliondolewa mikononi mwa halmashauri mwaka 2017, zikapewa TARURA. Maji vijijini yakaenda RUWASA mwaka 2019. Barabara kubwa, kama ile ya Omurushaka hadi Murongo, ni za TANROADS. Kwa hiyo Mkurugenzi ukimbana kwa lami, atakuchomoka kiulaini.

Mbane kwenye majengo. Madarasa, zahanati, vituo vya afya na nyumba za walimu: hapo hana pa kukimbilia.

Kyerwa mzigo huo ni mzito zaidi. Ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, wilaya ilizaliwa ikidaiwa kila kitu, kuanzia ofisi. Kwa miaka mingi hospitali za misheni ndizo zilizobeba wagonjwa: Nyakahanga upande wa Karagwe, Isingiro upande wa Kyerwa. Ukijenga kwa kuchelewa, mama mjamzito ndiye anayelipa riba, juu ya bodaboda, usiku, kwenye vumbi.

MABOMA YANAYOOTA NYASI

Utaratibu unaujua. Wanakijiji wanasomba mawe, mchanga na maji, wanachanga, kuta zinapanda mpaka kwenye renta. Kisha wanasubiri halmashauri iweke paa. Mvua za kwanza zinapita, za pili zinapita, na boma linaanza kuota nyasi. Huo ndio wizi mbaya hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Jasho la watu limezikwa wima.

Tena inawezekana kumaliza. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa IMF wa kupambana na UVIKO-19, nchi ilijenga madarasa 15,000, mengi kwa miezi michache, kwa shilingi milioni 20 kila chumba. Bei ilikuwa moja, iwe Kibaha karibu na viwanda au Murongo mpakani, ambako saruji inafika imechoka kwa safari. Kilichosaidia ni kwamba fedha zilikuja kwa mkupuo na kila mtu alijua tarehe ya mwisho.

Kawaida siyo hivyo. Fedha ikichelewa ikaingia Mei, Juni inakuwa mbio za sakafuni. Kwa kanuni za bajeti, ruzuku isiyotumika mpaka Juni 30 inarudi Hazina, na kuipata tena ni kuomba. Ndipo unaona manunuzi ya harakaharaka, ilimradi salio lisionekane.

ULIZA HAYA

Hesabu za mwaka zinatakiwa zimfikie CAG ifikapo Septemba 30, na ripoti yake inakabidhiwa kwa Rais kabla ya Machi kuisha. Lakini kijana usingoje CAG. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi, na mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu.

Nenda na maswali matatu tu. Mwaka jana tulikuwa na maboma mangapi, na mangapi yamepata paa? Ile asilimia iliyotengwa, ilifika kweli kwenye miradi au iliishia kwenye makaratasi? Na ile asilimia 4 ya mikopo ya vijana, iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka uliofuata, imewafikia vikundi vya nani?

Krismasi mtajaa kwenye mabasi kurudi nyumbani, simu mpya mfukoni. Kabla hujaagiza ya pili pale Omurushaka, pita shule uliyosoma. Hesabu kuta zisizo na paa. Halafu muulize diwani wako, kwa heshima: "Mheshimiwa, hili lilikuwemo kwenye ile asilimia?"

Haya, tukutane wiki ijayo. Usiseme hukuambiwa!