Je, Wajua? Shahamu Iliyojificha Katika Haragwe

Mnunuzi apitaye mbele ya magunia ya maharage katika soko la Kimironko, hapa Kigali, aghalabu hufikiri kwamba anunuacho ni wanga na protini, wala haimpitikii kuwa katika punje hizo kavu, ambazo kila gramu 100 hubeba takriban gramu moja tu ya shahamu, imo asidi ya alfa-linoleniki, ile omega-3 ya mimea, ambayo mwili wa mwanadamu hauna kudura ya kuiumba.

Mwaka 1929, huko Marekani, wanasayansi George na Mildred Burr walibainisha kuwa panya walionyimwa mafuta kabisa hudumaa, hutoka magamba ngozini na hatimaye hufa. Mwaka uliofuata wakadhihirisha kwamba asidi ya linoleiki, yaani omega-6, huwarejeshea siha. Asidi hizi mbili mmea huziunda kwa vimeng'enya ambavyo sisi hatukujaliwa, ndipo ikatulazimu kuzila.

Ajabu ya haragwe ni kwamba thuluthi nzima ya shahamu yake, na pengine zaidi, ni hiyo omega-3, ilhali karanga, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, haina ila chembe, na mafuta ya alizeti kadhalika. Kwa hiyo mtu aliyeacha nyama na kupunguza mafuta asidhani kuwa amejidhulumu. Walakini haki isemwe: gramu 300 za maharage yaliyopikwa humpatia takriban nusu gramu ya omega-3 hiyo, na kipimo cha Marekani kwa siku ni gramu 1.1 kwa mwanamke na 1.6 kwa mwanamume. Mboga za majani, kama dodo (mchicha), isombe (kisamvu), na umushogoro, ambao ni majani machanga ya mharage wenyewe, huongeza kidogo, kwa kuwa sehemu kubwa ya shahamu ya jani bichi ni asidi hiyo hiyo. Bali kinachokamilisha hesabu ni kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa, au cha chia, ambayo siku hizi yalimwa nchini Rwanda.

Kumimina mafuta ya alizeti juu ya maharage hakumfai mtu huyu, maadamu omega-6 ikizidi hushindania vimeng'enya vile vile vinavyoigeuza omega-3 ya mimea kuwa ile ihitajiwayo na ubongo na macho. Na kwa kuwa mgeuzo huo ni mdogo, mama mjamzito asiyekula samaki na amwulize tabibu wake habari za omega-3 itokanayo na mwani.