Maji ni yaleyale, mbona anaugua mmoja?

Katika vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, maji ya kunywa hayachotwi saa yoyote. Bamvua likijaa, chumvi hupanda na mito. Anayetaka maji baridi hupiga kasia kuyafuata juu, au husubiri yapwe. Maji yaliyopatikana kwa jasho hivyo hayamwagwi ovyo. Hukaa ndani siku kadhaa, kwenye ndoo ambayo kila anayepita huchovya kopo. Tunaulaumu mto, ilhali mara nyingi maji huchafukia nyumbani, kwa vidole vilivyotoka chooni. Dumu lenye mdomo mwembamba, ambalo maji yake humiminwa, lina usalama zaidi kuliko ndoo.

Choo nacho kina shida yake. Ardhi ya delta ni tambarare na maji ya ardhini yako karibu, hivyo shimo refu hukutana nayo mapema. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, vyoo vilivyofunikwa na maji vilitoa vilivyomo. Huku choo cha kuinuliwa si anasa.

Lakini familia hunywa maji hayohayo, na akaharisha mtoto mmoja tu. Kwa nini? Jibu ni wingi wa vijidudu na mwili unaovipokea. Wale wa kuhara damu aina ya Shigella wanaweza kuambukiza wakiwa 10 hadi 100 tu, ndiyo maana huenea kwa kushikana mikono. Wa kipindupindu huhitajika mamilioni mengi, kwa kuwa tindikali ya tumbo huwaua. Watafiti wa Marekani waliwapa watu waliojitolea vijidudu hivyo pamoja na dawa ya kuzima tindikali, na idadi iliyohitajika kuwaharisha ikashuka mno. Kwa hiyo mwenye vidonda vya tumbo anayemeza omeprazole kila siku ana kinga pungufu, sawa na mtoto mwenye utapiamlo. Mwenye damu ya kundi O naye akipata kipindupindu huelekea kuugua vikali zaidi.

Chakula pia hupunguza makali ya tindikali. Wali uliolala bila kupashwa vizuri ni njia rahisi ya maambukizi: umepoa, una unyevu, vijidudu huzaliana. Nchini Guinea-Bissau watafiti waliona kwamba waliotia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliugua kipindupindu kwa nadra zaidi. Kamulieni, ila ndimu haichukui nafasi ya kuchemsha maji.

Na kaa na kamba, mboga ya delta? Kijidudu cha kipindupindu huishi pia kwenye maji ya chumvichumvi, kikijishika kwenye magamba ya viumbe kama hao. Wapikwe hadi waive kabisa.

Anayeharisha apewe ORS mara moja, na mtoto aongezewe zinki, kisha apelekwe zahanati. Msigawane vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini. Kipindupindu kilipolipuka nchini Tanzania Oktoba 1977, tetracycline iliua vijidudu vyote vilivyopimwa mwanzoni. Ikatumiwa kwa wingi, hata kwa wasiougua, na baada ya miezi mitano asilimia 76 ya vilivyopimwa vilikuwa sugu.