Jicho Lililopandikizwa Konea Haliponi kwa Wiki Moja

Katika mkoa wetu wa Dodoma, kuanzia hapa Miyuji mpaka Kongwa, si ajabu kumuona mzee mwenye chamba jeupe jichoni. Wapo waliosikia kuwa jicho kama hilo hubadilishwa kioo, wakadhani mtu akishonwa leo, wiki ijayo amepona. Sivyo.

Konea ni kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita tu, lakini ina matabaka matano. La juu likichunika hujijenga upya haraka. La kati ndilo nene zaidi, na nyuzi zake zimepangwa kwa utaratibu unaoruhusu mwanga kupita. La ndani kabisa lina seli zinazoondoa maji ili konea isivimbe ikawa na ukungu. Seli hizo zikifa, mwili hauziotishi tena za kutosha.

Konea haina mishipa ya damu. Hulishwa na machozi na maji ya ndani ya jicho, na hewa huipata moja kwa moja. Kwa sababu hiyo askari wa mwili hawaifikii kirahisi, na konea ya marehemu inaweza kupokewa na jicho la mtu mwingine. Daktari Eduard Zirm alifanikiwa kuipandikiza mwaka 1905. Lakini palipokosa damu, kidonda nacho hupona polepole. Nyuzi za kushonea huweza kukaa mwaka mmoja au zaidi, na kovu halirudishi nguvu ya awali. Hata baada ya miaka, pigo la mpira au ukuni laweza kulifumua.

Hatari nyingine ni mwili kuikataa konea mpya. Dalili ni nne: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuogopa mwanga na kupungua kuona. Ukiona hata moja, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo, usisubiri miadi. Matone uliyopewa usiyaache kwa kuwa umepata nafuu, wala usitie majani, asali au dawa ya jirani.

Je, udhu? Muulize daktari ni lini maji yanaruhusiwa kugusa jicho, na lini unaweza kuinama. Dini yetu haimtaki mgonjwa ajidhuru. Aya ya 6 ya Surat al-Maida inamtaja mgonjwa katika ruhusa ya kutayamamu, na asiyeweza kusujudu huswali kwa kuashiria. Namna ya kutekeleza muulize sheikh wako, ukimweleza alivyosema daktari.

Sasa tuangalie chanzo cha machamba mengi ya huku kwetu, yaani ugonjwa wa vikope, au trakoma. Mtoto huambukizwa mara kwa mara, ukope wa juu hupata kovu kwa ndani, na ukubwani kope hugeuka zikakwaruza konea kila anapopepesa. Jicho hilo huwa kavu, na mishipa ya damu huwa imeshaingia kwenye konea. Ukipandikiza hapo, kope zitakwaruza konea mpya, na askari wa mwili wameshapata njia. Ndiyo maana upandikizaji mara nyingi haufanikiwi kwa macho ya vikope. Mwenye kope zilizogeuka awahi kufanyiwa upasuaji mdogo wa kuzirekebisha kabla konea haijaharibika.

Bora zaidi ni kinga. Utafiti uliofanywa vijijini Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionesha kuwa watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Sisi tunaotia udhu kila siku tusiwaache wadogo na tongotongo, nzi wakitua machoni. Kopo moja la maji linatosha nyuso kadhaa, hata kiangazi maji yanapokuwa ya ndoo. Kila mtoto apanguswe kwa kitambaa chake.

Mama, baba, kabla mtoto hajatoka asubuhi, mtazame uso. Maji ya kopo ni nafuu kuliko konea ya kushonwa.